Nusu Saa ya Kuzoea Giza

Chomboni, tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Nimefika salama, nimepewa kitanda cha juu ambacho kila asubuhi nakigongea kichwa, na nimeajiriwa kweli. Si zile ajira za mdomoni ulizozoea kunisikia nazo. Chombo ni cha matanga, cha chuma, milingoti miwili. Tunapeleka dawa na vifaa vya hospitali kwenye visiwa ambavyo meli kubwa haziendi. Nahodha ni mtu wa maneno machache, na kila neno ni amri. Wa kucheka naye ni Seremala, mtu mzima anayecheka mpaka anakohoa. Ndiye niliyepangwa naye zamu ya usiku.

Sasa nisikilize, maana ndiyo sababu ya barua. Jua likishazama, mwanga mweupe ni marufuku sitahani. Ukiwasha, hata kiberiti, unaosha masufuria wiki nzima. Kabla ya zamu tunakaa nusu saa kwenye benchi karibu na usukani, gizani, kimya, macho yazoee. Nahodha anasema jicho linahitaji nusu saa kufunguka na sekunde moja kuharibika. Kwa hiyo kila mtu ana tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu, kwa sababu mwekundu ukiwa hafifu hauliharibu jicho lililokwisha kuzoea giza. Yangu niliyookota sokoni ina tabia mbaya: ukibonyeza inaanza nyeupe, nyeupe ya kukutoa machozi, ndipo ifike kwenye nyekundu. Nimeshaosha masufuria mara mbili na nahodha hanitazami usoni.

Wewe unashinda katikati ya tochi siku nzima, unazifungua na kuzifunga. Nichagulie moja ya maana, uitume kwa ofisi ya bandari niliyoandika nyuma ya bahasha. Tutapita hapo katikati ya Machi. Mwambie Kidoti baba yake sasa anapanda mlingoti, na asimsumbue shangazi yake.

Kaka yako


Dukani, tarehe 19 Februari

Kaka,

Salamu utazikuta mwisho, kwanza nimalize kucheka. Mtu aliyekuwa hata kikombe hasuuzi, leo anaosha masufuria ya watu watano! Nahodha huyo nampenda kabla sijamwona.

Kazi yako nimeifanya vizuri, usije ukasema nimekupa mabaki. Mchana wa Jumamosi nilitundika blanketi kwenye mlango wa stoo, nikaziba na tundu la dirisha, nikakaa juu ya boksi la betri nusu saa kamili kama wanavyofanya wenzako. Bosi alidhani nimelala, akagonga mara mbili. Dakika tano za mwanzo sikuona kitu. Zilipofika kumi nikauona mpini wa ufagio. Mwisho nikaiona misumari minne ya ukutani tunapotundikia nyaya, mmoja mmoja, nikaihesabu. Nikafurahi peke yangu kule ndani.

Basi nikazijaribu tochi tatu. Ya kwanza ni ndugu wa ile yako, lazima upite kwenye nyeupe, nikaitupa kando na nusu saa yangu ikaharibika, nikaanza upya. Ya pili nyekundu ina kitufe chake, lakini kinafanana na cha nyeupe na viko bega kwa bega. Ukiwa na vidole vya maji utakosea tu. Ya tatu ndiyo hii. Kitufe cha nyekundu kina kinundu, utakipapasa hata ukiwa na glavu. Nyeupe haiwaki mpaka ukishikilie kitufe chake huku unahesabu tatu. Nyekundu yenyewe unaweza kuipunguza mpaka ikabaki ya kusomea maandishi tu. Nilipoizima, misumari yangu minne ilikuwa bado ipo.

Kidoti hajambo. Watu wanasema mtoto wa miaka saba ni balaa, mimi sijaliona hilo balaa. Ikifika jioni anakaa mahali pamoja na hatoki hapo mpaka nimshike mkono kwenda kulala. Wenzake wanacheza uani mpaka mama zao wanapaza sauti, yeye wala. Majirani wananisifu kwa malezi, nami sifa sikatai.

Haya, salamu ndizo hizo.

Mdogo wako, Fundi


Chomboni, tarehe 16 Machi

Fundi wangu,

Tochi nimeipata, asante, na mkanda wake haubani. Lakini nyekundu yake ina aibu. Nimeiongeza mpaka mwisho na bado nikitazama kamba naona weusi, nikitazama miguu yangu naona weusi. Jana nimejigonga goti kwenye winchi ya kukazia kamba hadi likavimba, juzi ilikuwa bega. Seremala aliivaa akasema ni tochi nzuri kuliko zote chomboni, hata akataka tubadilishane. Lakini huyo ana macho ya paka, usimsikilize.

Nadhani umetumiwa zenye kasoro kutoka kiwandani. Huwezi kuifungua ukaiongezea nguvu? Nakurudishia ndani ya kifurushi hiki. Iwe nyekundu hivyo hivyo ila ya kumulika kweli. Kwa sasa najisaidia kwa hesabu: ngazi ni hatua kumi na moja, kutoka ngazi hadi usukani hatua tisa, kutoka usukani hadi mlingoti wa kwanza hatua kumi na nne na kamba ya kushika upande wa kushoto. Seremala hunishika kiwiko tukienda mbele. Ni mazoea yake tu, ni mtu wa kushikashika watu.

Mwambie Kidoti nimemwona pomboo.

Kaka yako


Dukani, tarehe 2 Aprili

Kaka,

Tochi haina kasoro. Nimeifungua, nimeipima, nimerudi nayo stoo, nikakaa tena juu ya lile boksi. Kwa mwanga uleule uliouita wa aibu nilisoma karatasi ya dawa ya mbu yenye maandishi madogo kuliko mchele. Halafu nikabaki nimekaa, nikausoma tena ule mstari wako wa hatua kumi na moja na hatua tisa.

Unakumbuka Baba na kiti chake? Kabla jua halijazama alikuwa ameshaketi, na hakuinuka hapo mpaka Mama amshike mkono. Sisi tukadhani ni heshima ya mwenye nyumba. Wewe ulikuwa ukimwigiza, unakaa vilevile na mikono juu ya magoti, tunacheka. Mama ndiye aliyekuja kuniambia, mwaka ule Baba alipokuwa hata mchana anapapasa kijiko, kwamba alikuwa haoni gizani tangu ujana wake na aliona haya kusema. Kutoka mlangoni hadi chooni alikuwa anahesabu hatua. Kumi na mbili, Mama aliniambia.

Sitaki unijibu kuhusu tochi. Nataka unijibu swali moja: ile nusu saa ikiisha, wewe unaona nini?

Kama ni kile ninachokiogopa, nenda kwa nahodha leo, mwambie, akushushe bandari ya karibu. Kazi zipo nchi kavu. Roho yangu haitatulia mpaka nione mwandiko wako.

Fundi


Chomboni, tarehe 28 Aprili

Fundi,

Barua yako niliichana. Halafu nikaokota vipande nikavipanga kitandani, maana nilikuwa nimekasirika nikasahau ulichouliza mwisho.

Sioni kitu.

Tunakaa benchini, watatu au wanne. Baada ya muda mmoja anasema, naona tanga la mbele. Mwingine anasema, naona ukingo. Wanafurahi kila usiku utadhani ni mara ya kwanza. Nami nasubiri kidogo, kisha nasema, hata mimi naliona. Sisemi mapema, nisije nikataja kitu ambacho hakipo. Nusu saa ikiisha tunainuka, wao wanatembea, mimi nahesabu. Kwangu hakuna kilichofunguka. Mwaka jana, huko nyumbani, gizani kulikuwa na kitu kidogo, kijivu. Mwaka huu hakuna.

Sasa umejua. Lakini nikimwambia nahodha, sitapanda chombo kingine maisha yangu yote, maana manahodha wote wanaandikiana. Nina miaka thelathini na sita, na hii ndiyo mara ya kwanza watu kuniita baharia bila kunitania. Unaijua historia yangu, umeibeba wewe zaidi ya mtu yeyote. Safari zinaisha Agosti. Naapa kwa kaburi la Mama, Agosti nikishuka sipandi tena. Ni miezi mitatu na kitu, na mingi yake ni mchana.

Nisaidie nifike Agosti. Iongezee nguvu hiyo nyekundu. Nikimulikiwa vizuri naona, si kwamba ni kipofu. Na ni nyekundu, Fundi, haikatazwi. Itamdhuru nani?

Kaka


Dukani, tarehe 15 Mei

Kaka,

Nimeifanya. Nimetoa taa zake mbili ndogo nikaweka kali, nyekundu vilevile, na betri ya kuzimudu. Fundi mwenzangu aliniuliza ya nini, nikamwambia ni ya mvuvi wa kaa. Sijui hata uongo huo niliutoa wapi.

Nimeijaribu stoo kama zile nyingine. Nilipoizima sikuona hata msumari mmoja, na nilikaa muda mrefu nikisubiri. Nyekundu ikizidi nguvu inaharibu macho kama nyeupe tu, kwa hiyo usijidanganye kwa rangi. Ielekeze chini, miguuni pako. Usiinue kichwa ikiwa inawaka na mtu yuko mbele yako. Nakuandikia haya ili usije ukasema sikukwambia, na nikiyaandika najua vizuri kwamba mtu anayejua yote haya asingeituma.

Lakini umeapa kwa Mama. Nimebaki na kiapo hicho. Agosti nitakuja mwenyewe bandarini kukupokea.

Kidoti amelala. Saa moja bado haijagonga na ameomba mwenyewe kulala, mtoto wa watu.

Fundi


Chomboni, tarehe 20 Juni

Kwa dada wa baharia wangu,

Hatujawahi kuonana, na ningependa barua yangu ya kwanza kwako iwe na habari nyingine. Nakuandikia kwa sababu kaka yako haandiki wala haongei, na jina lako ndilo alilojaza kwenye fomu kama mtu wake wa karibu. Mwenyewe ni mzima wa mwili.

Tarehe 9, upepo ulibadilika ghafla wakati wa zamu yake na Seremala. Nilishika usukani, wao wawili wakaenda mbele kupunguza tanga. Seremala alifungua mkanda wake wa usalama, ule unaomfunga mtu na chombo. Hatujui kwa nini, amenifanyia kazi miaka kumi na tisa na hajawahi kuufungua. Wimbi likampitia. Tulimsikia akiita, kwa hiyo tulijua alikuwa hai na yuko karibu. Tulimtafuta mpaka jioni ya siku ya pili yake. Hatukumpata.

Kaka yako alikuwa wa kwanza kuwasha tochi na kumulika majini. Mwanga ule ulitupofusha sote, nikamfokea azime na alichelewa kuzima, lakini simlaumu na wewe usimlaumu. Walipendana wale. Mtu hutafuta kwa chochote alicho nacho. Nimempa nafasi ya Seremala, kiongozi wa zamu, ili ajue kwamba namwamini. Mwandikie umtie moyo.

Swali dogo: tochi ile ilikuwa kali kuliko nyekundu yoyote niliyowahi kuiona. Kaka yako aliwahi kuniambia kwamba uliichagua wewe, na kwamba wewe ni fundi. Ilikuwa na kasoro?

Pole kwa haya yote.

Nahodha


Chomboni, tarehe 24 Juni

Fundi,

Najua nahodha amekuandikia. Yeye amekuandikia anachokijua.

Seremala aliufungua mkanda kwa ajili yangu. Nilikuwa mlingotini natafuta kamba ya kushushia tanga, sikuipata, upepo unavuma na nahodha anapiga kelele. Seremala alikuwa upande wa pili na mkanda wake haukufika. Alisema, tulia, nakuja. Nikasikia ndoano yake inafunguka. Halafu maji, halafu akaniita, lile jina la utani alilonipa, mara tatu.

Nikawasha. Nikaiongeza mpaka mwisho nikamulika huku na huku kama mwendawazimu, na nilimulika nyuso za wote waliokimbilia pale. Nahodha anapiga kelele zima, zima, nami siwezi kuzima, kwa sababu ikiwaka angalau naona povu na nikizima sina kitu. Ndivyo nilivyofikiri. Nilifikiri wote wako kama mimi.

Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kulijua, Fundi. Mpishi ndiye aliyelisema asubuhi, analia. Bahari ya huku msimu huu inawaka. Maji yakitikiswa gizani yanatoa mwanga wa kijani kibichi, na mtu akipiga mikono anaonekana kuanzia mbali. Wanauona kila usiku. Wamekuwa wakiutaja pale benchini na mimi nikisema hata mimi nauona, nikidhani wanasema nyota. Kama nisingewasha, wangemwona. Alikuwa hatua ishirini tu. Nilipozima walikaa kusubiri macho yarudi, na yaliporudi bahari ilikuwa inawaka kila mahali kwa mawimbi na yeye alikuwa haiti tena.

Nahodha amenipa zamu ya Seremala mbele ya wote. Wakanipa mikono. Nilikosa namna ya kukataa bila kusema kwa nini, basi nikakubali. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa na watu wawili chini yangu, mmoja ana mtoto mchanga.

Tochi niliitupa baharini. Nitumie nyingine kama ile. Agosti si mbali.

Kaka


Dukani, tarehe 6 Julai

Kwa Nahodha,

Tochi haikuwa na kasoro. Ilichaguliwa vizuri, kisha mimi mwenyewe nikaiharibu kwa mikono yangu, nikijua ninachofanya, kwa sababu kaka yangu haoni gizani na aliniomba nimsaidie kukuficha. Hakuona mlingoti wala kamba. Seremala aliufungua mkanda wake kumfuata. Marehemu baba yetu alikuwa na macho hayohayo.

Usimpe zamu. Mshushe bandari ya kwanza na umshike mkono akishuka, hata kama ni mchana, maana sijui amebakiwa na nini. Familia ya Seremala waambie ukweli, na jina langu walipate. Nilijua tangu tarehe 2 Aprili. Ningekuandikia siku hiyo, Seremala angekuwa hapo sasa hivi anacheka.

Sina la kujitetea.

Fundi wa tochi, dada yake


Dukani, tarehe 6 Julai

Kaka,

Sitakutumia tochi. Nimemwandikia nahodha kila kitu, barua zote mbili zinatoka kwa posta moja leo. Nichukie, unayo haki. Mimi mwenyewe nimeshaanza. Utakaposhuka nitakuwa hapo bandarini, na tutakwenda pamoja kwa mke wa Seremala, wewe ukitangulia kusema na mimi nikimalizia.

Kuna jambo jingine, na nimezunguka nalo tangu barua yako ya Aprili ifike. Ulipoandika kwamba unasubiri kidogo ndipo unasema hata mimi naliona, niliishusha barua nikamtazama Kidoti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, jioni, mikono juu ya magoti. Anayesifiwa na mtaa mzima.

Leo adhuhuri nilikuja naye dukani. Nikamwambia tunacheza mchezo. Nikashusha blanketi la mlango wa stoo, tukakaa wawili juu ya boksi la betri, nimemshika mkono. Nikamwambia, ukutani kuna misumari minne, anayeiona wa kwanza aseme. Tulikaa nusu saa nzima, na hakulalamika hata mara moja, unajua alivyo. Mwisho nikasema, mimi sasa naiona.

Akasubiri kidogo. Kisha akasema, "Hata mimi naiona, shangazi."

Misumari nilikuwa nimeing'oa yote asubuhi.

Mdogo wako, Fundi